Jinsi Ubongo Unavyochagua na Kupima Yanayoingia Kupitia Milango ya Fahamu

Maelezo ya kawaida kuhusu ubongo huifanya kazi yake ionekane kama mstari ulionyooka: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi hupokea habari, kisha umakini huchagua zipi zipite, na mwishoni sehemu nyingine hupima iwapo zilizopita ni njema, mbaya, za hatari au zisizo na maana. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu ni mepesi kuyachora ubaoni, lakini yanapotosha. Tafiti za miongo kadhaa zinaonyesha kwamba kuchagua na kupima si hatua mbili zinazofuatana, bali ni kazi zinazoshikana tangu mwanzo, kila moja ikiiendesha nyingine, na kwamba hakuna sehemu moja ya ubongo inayostahili kuitwa kituo cha umakini au kituo cha thamani. Jambo hili si la wataalamu pekee. Anayemuuguza mtu aliyepata kiharusi anaweza kukutana na matatizo ambayo hayaeleweki hata kidogo kwa mtazamo wa mstari ulionyooka.

Kwanza ni vyema kuona kwa nini ubongo unalazimika kuchagua. Kila jicho hutuma habari zake kupitia nyuzi za neva zinazokaribia milioni 1, na ni eneo dogo tu katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, linaloona kwa undani, ndiyo maana macho hurukaruka takribani mara 3 kwa sekunde yakitafuta mahali pa kutua. Nyuma yake kuna ubongo wenye seli za neva takribani bilioni 86, ambao tayari hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia ilhali uzito wake ni asilimia 2 tu ya uzito wote. Seli hizo haziwezi kuitikia kila kitu kwa nguvu kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu mkanda wa video wa wachezaji wanaorushiana mpira, wakawataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo, mtu aliyevaa vazi la sokwe aliingia, akasimama, akajipigapiga kifua, kisha akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao hayakuwa na kasoro. Taswira yake iliangukia retina zao kama ilivyowaangukia wale waliomwona.

Uchaguzi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Habari za karibu hisi zote hupita kwenye thalamasi, mafungu mawili ya seli yenye umbo la yai yaliyo katikati ya ubongo, kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Harufu ndiyo yenye njia ya mkato: hulifikia gamba la kunusia na amigdala, sehemu ndogo ya ndani itakayoelezwa mbele, bila kulazimika kupitia thalamasi kwanza. Kwa muda mrefu thalamasi ilichukuliwa kuwa kituo cha kupokezana tu, kinachopitisha kila kinacholetwa. Hesabu ya miunganiko yake inaikanusha dhana hiyo. Katika sehemu yake inayohudumia macho, ni takribani asilimia 10 ya sinapsi (viungo ambavyo seli za neva hupashana habari), au pungufu, zinazotoka kwenye retina. Nyingine zote hutoka kwenye gamba la ubongo, kwenye shina la ubongo na kwenye seli za jirani zenye kazi ya kuzuia. Kwa maneno mengine, gamba linalosubiri habari za jicho lina miunganiko mingi ndani ya thalamasi kuliko jicho lenyewe.

Thalamasi pia imefunikwa na utando mwembamba wa seli za kuzuia unaoitwa kiini cha retikulari. Mwaka 1984 Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alipendekeza kwamba utando huo ndio unaoongoza mwelekeo wa umakini. Hilo lilikuwa pendekezo la kinadharia. Mwaka 2008 vipimo vilivyofanywa kwa kima vilionyesha kwamba mnyama anapokizingatia kitu, mwitiko wa mwanzo wa seli za utando huo hupungua huku ule wa seli za thalamasi zinazopokea kutoka kwenye jicho ukiongezeka. Breki inalegezwa, na habari inapita ikiwa na nguvu zaidi.

Ndani ya gamba la ubongo uchaguzi huchukua sura ya ushindani. Katika jaribio la Jeffrey Moran na Robert Desimone lililochapishwa mwaka 1985, kima alionyeshwa vitu viwili vilivyokuwa ndani ya eneo ambalo seli moja ya gamba la kuona ingeweza kuvihudumia vyote. Alipofunzwa kuzingatia kimoja, seli ile iliitikia kana kwamba kile kingine hakipo, ingawa kilikuwa palepale mbele ya macho. Kutokana na matokeo ya namna hiyo, Desimone na John Duncan walitoa mwaka 1995 hoja ambayo hadi sasa ndiyo ninayoiona kuwa msingi bora wa kulielewa suala hili: vitu vinavyoonekana hushindana kupata seli za kuviwakilisha, na umakini ni jina la upendeleo unaoegemeza ushindani huo upande mmoja. Upendeleo unaweza kutoka kwenye kitu chenyewe, kwa mfano kinapong'aa au kusogea ghafla, au kwenye lengo ambalo mtu analishikilia akilini. Kwa masikio mambo ni hivyohivyo, na kwa kasi kubwa: vipimo vya umeme wa ubongo vilivyochapishwa na Steven Hillyard na wenzake mwaka 1973 vilionyesha kwamba sauti iliyoingia katika sikio linalozingatiwa iliamsha wimbi kubwa zaidi kuliko sauti iliyoingia katika sikio lililopuuzwa, tofauti iliyojitokeza ndani ya takribani milisekunde 100.

Upendeleo unaotokana na lengo hutoka wapi? Sehemu yake kubwa hutoka katika maeneo mawili yanayoshirikiana, moja likiwa mbele ya ubongo, kwenye eneo linaloongoza miendo ya macho, na jingine likiwa juu kuelekea nyuma, katika lobu ya parieta. Mwaka 2003 Tirin Moore na Katherine Armstrong walipitisha umeme hafifu kwenye eneo hilo la mbele katika ubongo wa kima, hafifu kiasi kwamba macho hayakusogea, na seli za gamba la kuona zilizohusika na upande uleule zikaongeza mwitiko wao kwa vitu vilivyokuwapo hapo. Amri ya kuelekeza jicho na amri ya kuelekeza umakini zinatumia vifaa vilevile. Michel Corbetta na Gordon Shulman, katika makala yao ya mwaka 2002, waliutofautisha mfumo huu na mwingine ulio chini yake, uliojikita zaidi upande wa kulia pale lobu ya parieta inapokutana na ile ya tempora, iliyo ubavuni mwa ubongo, ambao kazi yake ni kuukatiza mfumo wa kwanza kunapotokea jambo la ghafla lenye maana. Ni mfumo huo unaomfanya mtu aliyezama katika kazi ageuke anaposikia jina lake likiitwa.

Hapa ndipo ugonjwa unapofundisha kuliko mchoro wowote. Kiharusi kinapoharibu nusu ya kulia ya ubongo, hasa karibu na lobu ya parieta, mgonjwa anaweza kupatwa na hali ambayo ulimwengu wote wa upande wake wa kushoto unakoma kumhusu. Hunyoa nusu ya uso. Hula chakula cha upande wa kulia wa sahani na kusema amemaliza. Akipewa karatasi iliyojaa vistari na kuombwa avikate vyote, hukata vya kulia, huweka kalamu chini, na kusema kwa uhakika kwamba hakuna kilichobaki. Akichora saa, namba zote 12 zinaweza kusongamana upande wa kulia wa duara. Wengi wa wagonjwa hawa si vipofu, na akili zao hazijapotea. Inaumiza kumsikia mgonjwa wa namna hii akiitwa mkaidi au mvivu na watu wanaompenda, kwa sababu tu wao hawawezi kuamini kwamba mtu anaweza kutokuona kilicho mbele ya macho yake mazima. Hali hii hujitokeza mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi uharibifu ukiwa upande wa kulia. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nusu ya kulia ya ubongo huhudumia pande zote mbili za mazingira, ilhali nusu ya kushoto huhudumia zaidi upande wa kulia tu, hivyo ile ya kulia ikiharibika, upande wa kushoto hukosa mtetezi.

Kwamba tatizo hili si la macho lilithibitishwa kwa njia ya kustaajabisha na Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti mwaka 1978. Waliwaomba wagonjwa wawili wa Milan wauone kwa mawazo uwanja maarufu ulio mbele ya kanisa kuu la jiji hilo, ambao waliufahamu vizuri, na wauelezee kana kwamba wamesimama upande mmoja wakilitazama kanisa. Walitaja majengo ya upande wa kulia na kuacha mengi ya kushoto. Kisha wakaombwa wajione wamesimama kwenye milango ya kanisa wakitazama upande wa pili. Sasa walitaja majengo waliyoyaacha, na wakayaacha waliyoyataja. Kumbukumbu ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni uwezo wa kuelekea kushoto, hata katika taswira ya mawazoni ambako hakuna mwanga wowote unaoingia jichoni.

Kuna jambo jingine linaloonekana kando ya kitanda cha mgonjwa ambalo linaupa uzito mkubwa ule mtazamo wa ushindani. Mpimaji husimama mbele ya mgonjwa na kutikisa kidole upande wa kushoto pekee, na mgonjwa anakiona. Anatikisa kidole cha kulia, nacho kinaonekana. Anavitikisa vyote viwili kwa pamoja, na mgonjwa anasema ameona kimoja, cha kulia. Kidole cha kushoto hakijabadilika kwa lolote. Kimepata mshindani tu, na kwa kuwa upande wake umedhoofika, kimeshindwa.

Je, kilichoshindwa kinafutika kabisa? Mwaka 1988 John Marshall na Peter Halligan walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja aliyeonyeshwa michoro miwili ya nyumba, zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kwamba moja ilikuwa na moto uliowaka upande wake wa kushoto. Mgonjwa alisema nyumba zote ni sawa. Alipoulizwa angependa kuishi katika ipi, aliliona swali hilo kuwa la kipuuzi, lakini mara nyingi alichagua ile isiyoungua. Watafiti wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kwa kila mgonjwa, kwa hiyo haifai kulibebesha zaidi ya linavyoweza kubeba. Hata hivyo linatosha kuonyesha kwamba kupima kunaweza kuendelea mahali ambapo umakini umekatika, jambo ambalo mstari ulionyooka hauliruhusu.

Tukigeukia upande wa kupima, sehemu inayotajwa zaidi ni amigdala, mafungu mawili madogo ya seli yenye umbo la lozi yaliyo ndani ya lobu za tempora. Mara nyingi huitwa kituo cha hofu, na jina hilo limekuwa kikwazo kikubwa cha uelewa. Fikiria mgonjwa anayejulikana kitaalamu kwa herufi S.M. pekee, ambaye ugonjwa wa nadra uliziharibu amigdala zake zote mbili. Ralph Adolphs na wenzake walieleza mwaka 1994 kwamba hakuweza kutambua hofu katika picha za nyuso, ingawa aliwatambua watu bila shida. Ilionekana kwamba kipimo cha hofu kimeondoka. Miaka 11 baadaye kikundi hichohicho kilifuatilia miendo ya macho yake na kugundua kwamba alipotazama uso hakuyaelekea macho ya mtu, mahali ambapo dalili za hofu huwa wazi zaidi. Walipomwelekeza ayatazame macho, alitambua hofu vizuri kama watu wengine. Maelekezo yalipokoma, alirudia hali yake ya awali. Kilichoharibika, basi, hakikuwa hazina ya maana ya hofu, bali msukumo wa kuyaelekeza macho mahali penye habari muhimu. Sehemu iliyodhaniwa kuwa ya kupima ilikuwa ikifanya kazi ya kuchagua.

Kisa hicho kiliendelea kutoa mafunzo. Mwaka 2013 S.M. na wagonjwa wengine wawili wenye uharibifu kama wake walivuta hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksaidi, ambayo humpa mtu hisia ya kukosa pumzi. Wote watatu walipatwa na hofu kuu. Hatari inayotoka ndani ya mwili ilikuwa na njia nyingine ya kupimwa.

Njia za namna hiyo hukutana kwa wingi katika insula, sehemu ya gamba iliyojificha ndani ya mkunjo mrefu ulio ubavuni mwa ubongo, inayopokea habari za moyo, pumzi, tumbo na joto la mwili. Insula ya mbele, pamoja na gamba la singuleti lililo kwenye ukuta wa ndani wa ubongo, huwaka karibu kila kunapotokea jambo linalodai kushughulikiwa, liwe maumivu, kosa au mshangao. Kwenye maumivu tofauti kati ya kuhisi na kupima inaonekana waziwazi. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walitumia usingizi wa kuelekezwa kwa maneno kubadili kiwango ambacho watu walichukizwa na maji ya moto waliyotumbukiza mkono, bila kubadili ukali wa joto walioukadiria. Shughuli katika gamba la singuleti ilipanda na kushuka pamoja na karaha. Ile ya gamba la kwanza la hisia za mwili haikufanya hivyo.

Gamba lililo juu ya matundu ya macho, liitwalo obitofronta, hupima kwa namna nyingine: huuliza kitu kina thamani gani kwangu sasa hivi. Edmund Rolls na wenzake walirekodi seli katika ubongo wa kima waliokuwa wakinywa maji ya glukosi hadi wakatosheka. Seli za gamba la kwanza la ladha ziliendelea kuitikia kama kawaida, kwa kuwa glukosi ilibaki glukosi. Seli za obitofronta zilinyamaza kadiri mnyama alivyoshiba, lakini ziliitikia tena alipopewa ladha nyingine. Utambulisho wa kitu na thamani yake vimetenganishwa, na thamani hufuata hali ya mwili.

Chini ya yote haya kuna viini vidogo vya shina la ubongo na vya maeneo ya karibu ambavyo hunyunyizia kemikali karibu gamba zima. Kimojawapo, doa la samawati, ambalo lina makumi machache tu ya maelfu ya seli, ndicho chanzo kikuu cha noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo. Seli zake hufyatua, yaani hutoa mipigo ya umeme, kwa nguvu jambo lenye maana linapotokea, na wakati huo mboni za macho hupanuka. Dopamini, kemikali nyingine ya aina hiyo, huja na habari tofauti. Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha mwaka 1997 kwamba seli zake haziripoti zawadi yenyewe, bali tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kinachotarajiwa kikija kama kilivyotarajiwa, haziubadilishi mwendo wao wa kawaida.

Mtu anaweza bado kushikilia kwamba maeneo ya umakini na ya thamani ni tofauti hata kama yanasaidiana. Lobu ya parieta inalifanya dai hilo kuwa gumu. Mwaka 1999 Michael Platt na Paul Glimcher waligundua kwamba seli zake, ambazo kwa kawaida huhusishwa na umakini, hufyatua kulingana na ukubwa wa zawadi ambayo kima anaitarajia na uwezekano wa kuipata. John Maunsell aliuliza mwaka 2004 swali ambalo naliona kuwa la haki kabisa: mnyama huzingatia zaidi mahali penye zawadi kubwa, na wapimaji humfundisha kuzingatia kwa kumpa zawadi, je, majaribio hayo yametenganisha vitu viwili au yamekipa kimoja majina mawili? Kwa binadamu pia mshikamano huo ni wa pande zote. Brian Anderson na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba rangi iliyowahi kuambatana na malipo huendelea kuvuta macho hata baada ya malipo kukoma na rangi kukosa maana yoyote katika kazi iliyopo. Kwa upande wa pili, kikundi cha Ian Krajbich kilieleza mwaka 2010 kwamba mtu anapochagua kati ya vitu viwili, huelekea kukichagua kile alichokitazama kwa muda mrefu zaidi, kwa namna inayolingana na kanuni ya kihesabu ambayo ndani yake kukitazama kitu hukiongezea uzito.

Kwa sababu hiyo picha za ubongo zenye madoa ya rangi zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mashine ya picha hizo haipimi ufyatuaji wa seli moja kwa moja, bali mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo huchukua sekunde kadhaa, huku umakini ukiweza kubadilika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Doa moja la picha hukusanya seli nyingi mno zenye kazi mbalimbali. Kuona amigdala imewaka na kuhitimisha kwamba mtu aliogopa ni kuruka hatua ambayo ushahidi hauiruhusu.

Manufaa ya kuuacha mstari ulionyooka yanaonekana vizuri zaidi katika tiba. Kama umakini ungekuwa na kituo kimoja kilichokufa, mgonjwa aliyepoteza upande wa kushoto asingekuwa na tumaini. Lakini kama ni ushindani, mshindani dhaifu anaweza kusaidiwa kutoka njia nyingine, na mojawapo ya njia hizo ni thamani. Paresh Malhotra na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti ambao wagonjwa wa namna hiyo walitafuta alama zilizotawanyika kwenye karatasi, wakati mwingine wakiahidiwa malipo kwa kila moja waliyoipata. Matarajio ya malipo yaliwafanya wagonjwa kadhaa wapate alama zaidi, zikiwemo za upande waliokuwa wakiupuuza. Wale ambao hawakunufaika walielekea kuwa na uharibifu uliofika hadi kwenye straitamu, eneo lililo ndani ya ubongo linalopokea dopamini kwa wingi, kwa hiyo anayepanga mazoezi ya mgonjwa anapaswa kuuliza kiharusi kimefika wapi kabla ya kuamua kama zawadi zitamsaidia.